Shajara ya mradi: presha ya kafu, kutoka kwenye geji hadi kwenye fomu

Mradi huu unahusu mililita chache za hewa zilizo ndani ya kafu, ule mfuko unaozunguka ncha ya chini ya bomba la kupumulia. Kafu ikilegea, mate na majimaji ya tumboni hupenya hadi mapafuni. Ikikazwa mno, inaminya utando wa koo la hewa mpaka damu isipite. Shabaha ni sm 25 za maji, yaani presha inayoweza kuinua safu ya maji sm 25. Mpaka wa chini ni 20, wa juu ni 30. Namba hizi zimebandikwa ukutani katika vyumba vingi vya wagonjwa mahututi. Tatizo lililouzaa mradi ni jingine: namba inayoandikwa kwenye fomu ni ile iliyosomwa geji ikiwa imeunganishwa, ilhali mgonjwa anabaki na presha iliyosalia geji ikishachomolewa. Hizo ni namba mbili, na mara nyingi ya pili ndiyo ndogo.

Wiki ya 1: mipaka

Sm 30 ina asili yake. Mwaka 1984 watafiti Seegobin na van Hasselt waliwachungulia wagonjwa 40 kooni kwa endoskopu (mrija wenye kioo cha kuonea ndani) huku presha ya kafu ikipandishwa hatua kwa hatua. Presha ilipovuka sm 30, damu ya utando ilianza kupungua, na ilipofika sm 50 mishipa midogo ilikuwa imezibwa. Kwa upande wa chini, Rello na wenzake mwaka 1996 walionyesha kwamba presha iliyokaa chini ya sm 20 iliandamana na nimonia.

Sm 30 haimfai kila mgonjwa kwa usawa. Damu inayolisha utando husukumwa na shinikizo la damu la mgonjwa mwenyewe. Likianguka, utando unaanza kukosa damu mapema zaidi, kwa hiyo kwa mgonjwa aliye kwenye dawa za kupandisha shinikizo tunalenga 25 na hatuzoei 30. Mgonjwa mwenye mrija mgumu wa kulishia puani naye anaangaliwa kwa jicho hilohilo: umio uko nyuma tu ya koo la hewa, na ukuta kati yao unabanwa pande zote mbili. Madhara yake hayaonekani siku hiyo. Kidonda kinakuja kwanza, kovu baadaye, na koo linasinyaa majuma kadhaa bomba likishatolewa, pengine mgonjwa akiwa nyumbani anashangaa kwa nini anakoroma akiwa macho.

Wiki ya 2: geji zimekaguliwa kwa maji

Hakuna geji inayoingia kwenye mradi kabla haijalinganishwa na safu ya maji. Kifaa chenyewe ni rahisi. Mrija laini unaopitisha mwanga, wenye urefu wa mita 1.5 na kipenyo cha ndani cha mm 6, umekunjwa umbo la U na kufungwa kwenye ubao wenye rula. Ndani yake mna maji yenye tone la rangi, yamejazwa hadi nusu ya kila mkono. Mkono mmoja uko wazi. Mwingine umeunganishwa na geji kwa koki ya njia tatu, na tundu la tatu la koki limefungiwa sirinji ya kusukumia hewa.

Sukuma hewa taratibu mpaka geji isome 10, kisha 20, 25, 30 na 40. Kila mara pima tofauti ya kimo kati ya mikono miwili. Hapa ndipo makosa ya kwanza yalipojitokeza: maji yanashuka upande mmoja na kupanda upande wa pili, kwa hiyo kwa sm 25 kila mkono unasogea sm 12.5 tu. Anayesoma mkono mmoja ataihukumu geji nzima kuwa inasoma mara mbili ya ukweli. Kosa la pili ni kiputo cha hewa katikati ya safu. Hicho kinaikata safu na kuharibu kipimo. Gonga mrija kwa kidole mpaka kiputo kipae juu.

Kiwango tulichojiwekea ni tofauti isiyozidi sm 2 kwenye alama ya 25. Geji ikizidi hapo inatolewa, hata kama mshale wake unarudi sifuri vizuri, maana kurudi sifuri ni jambo moja na kusoma sawa katikati ni jambo jingine. Baada ya hapo, ziba tundu la geji, ipandishe hadi 40 na uiache dakika moja. Mshale ukishuka, geji inavuja. Anza kutafuta kwenye vali ya kuachilia hewa, ambako vumbi hukaa, kisha kwenye shingo ya mrija pale inapopinda kila siku.

Vipimo pia vinachanganya. Sm 20 hadi 30 za maji ni sawa na mm 15 hadi 22 za zebaki, au kilopaskali 2 hadi 3. Mtu akiazima geji ya mashine ya shinikizo la damu na kupandisha hadi 25, ameweka mm 25 za zebaki, ambazo ni sm 34 za maji. Namba imeandikwa sawa kwenye fomu, na mgonjwa amevuka mpaka. Kila geji sasa ina kibandiko cha kipimo chake usoni, na geji zinazosoma mm za zebaki zimeondolewa kwenye droo ya vifaa vya njia ya hewa.

Vidole havina nafasi katika mradi. Kubonyeza puto la nje (lile dogo lililounganishwa na kafu kwa mrija mwembamba) na kusema “iko sawa” hakutofautishi 25 na 60; puto huhisi gumu kiasi kilekile.

Wiki ya 3: hewa inayoibwa na geji

Hii ndiyo wiki iliyobadili utaratibu wote.

Chukua mrija wa geji wa mita 1 wenye kipenyo cha ndani cha mm 3. Ndani yake mna takriban ml 7 za hewa. Ukiuunganisha ukiwa kwenye presha ya chumba, hewa hiyo inabidi ipandishwe hadi sm 25, na anayelipa gharama ni kafu. Presha ya chumba usawa wa bahari ni kama sm 1,033 za maji, kwa hiyo hesabu ni 7 × 25 ÷ 1,033, karibu ml 0.17. Juu ya hiyo ongeza hewa ya kujaza kikopo kinachotanuka ndani ya geji ili kuusogeza mshale.

Ml 0.17 inaonekana kama si kitu. Lakini kafu ina tabia mbili. Ikiwa bado haijagusa ukuta, unaweza kuongeza hewa nusu mililita kwa nusu mililita na mshale ukabaki palepale. Ikishagusa ukuta pande zote, kila nusu mililita inaurusha mshale. Sehemu hiyo ya pili ndiyo tunayofanyia kazi, na humo upotevu mdogo wa hewa ni upotevu wa sentimita kadhaa za presha. Kila mfanyakazi mpya anachora mwenyewe mchoro wa tabia hizi, hewa dhidi ya presha, kwa sirinji ya ml 1 kabla ya kupewa mgonjwa.

Halafu kuna wakati wa kuchomoa. Ndani ya vali ya puto mna kipini chenye springi. Ncha ya mrija ikiingia, inakisukuma na kufungua njia. Ikitolewa polepole, muhuri wa ncha unaachia kabla kipini hakijarudi, na kwa sekunde hiyo kafu iko wazi. Ule mlio wa “pss” unaosikika unachanganya, kwa sababu sehemu yake ni hewa ya mrija wenyewe ikitoka. Mlio mkubwa unaweza kuwa hauna hasara kwa kafu, na mlio mdogo ukawa umeondoka na sm 5.

Suluhisho ni koki ya njia tatu kwenye ncha ya mrija wa geji, na mrija kupandishwa presha kabla ya kumfikia mgonjwa. Utaratibu uliokubaliwa:

1. Kichwa cha kitanda kiwe nyuzi 30 hadi 45, shingo iwe wima isiyogeuzwa. Soma alama ya sentimita ya bomba kwenye meno (kwa watu wazima wengi ni karibu 21 kwa mwanamke na 23 kwa mwanamume) na ilinganishe na iliyoandikwa.
2. Nyonya mate mdomoni na kooni. Kama bomba lina njia ya kunyonya juu ya kafu, itumie pia. Hili ni kabla ya kugusa kafu.
3. Funga koki upande wa mgonjwa. Pandisha geji hadi 25.
4. Unganisha koki kwenye vali ya puto kwa kusukuma na kuzungusha robo.
5. Subiri mgonjwa amalize kukohoa kama anakohoa, kisha fungua koki na usome mwishoni mwa kutoa pumzi.
6. Mshale usipocheza, kafu ilikuwa 25. Ukishuka au kupanda, andika ulikotulia kwenye safu ya “iliyokutwa”, kisha rekebisha hadi 25.
7. Funga koki upande wa mgonjwa kwanza. Ndipo uchomoe, kwa mkupuo mmoja ulionyooka.

Hatua ya 7 ndiyo inayosahaulika. Koki ikiwa imefungwa, hewa iliyo hatarini wakati wa kuchomoa ni ile tu iliyo kati ya koki na vali, na hiyo haifiki hata nusu mililita. Ikiachwa wazi, kazi yote ya hatua ya 3 imekwenda bure.

Namba inayosomwa katika hatua ya 6 nayo haiko safi kabisa: kafu ikiwa 15, mrija uliopandishwa hadi 25 utaipa hewa kidogo na mshale utatulia juu ya 15. Kosa hilo ni dogo na limeegemea upande mmoja unaojulikana. Tunalikubali, kwa sababu kafu iliyolegea bado inaonekana imelegea.

Pendekezo la kuacha koki kwenye puto la mgonjwa muda wote limekataliwa. Inakisukuma kipini mchana na usiku, inalivuta puto kwa uzito wake, na mtu akigonga mkono wa koki kafu inaishiwa hewa. Isitoshe, vali ya puto ina ncha ya aina ileile ya mirija ya mishipa. Koki iliyoachwa karibu na shingo, pembeni ya mrija wa mshipa mkubwa, ni mwaliko wa kudunga dawa ndani ya kafu.

Wiki ya 4: mikunjo

Benchi: sirinji ya ml 20 iliyotolewa kisukumio na kukatwa ncha, imesimamishwa wima. Kipenyo chake cha ndani kinakaribia sm 2, kwa hiyo inaweza kusimama badala ya koo la hewa la mtu mzima. Ndani limewekwa bomba namba 7.5 lenye kafu ya PVC, presha 25 iliyothibitishwa. Juu ya kafu zimemiminwa ml 5 za maji ya rangi, ambazo kwa nafasi iliyobaki pembeni ya bomba zinatoa kina cha kama sm 2.

Sogeza jicho karibu. Kafu ni pana kuliko sirinji, hivyo plastiki ya ziada imejikunja, na kila mkunjo ni mfereji mwembamba kutoka juu hadi chini. Rangi inaingia kwenye mkunjo mmoja, inashuka nusu, inasita, kisha tone linaning'inia upande wa chini. Ongeza presha hadi 30: mfereji unabanwa lakini haufi. Huku ndiko kupaliwa kimyakimya kunakotokea mgonjwa akiwa na presha “nzuri” kabisa. Kafu za poliuretani, zenye ukuta wa mikroni 7 hadi 10 hivi badala ya 50 na zaidi, zinatoa mikunjo midogo na rangi inapita kwa shida zaidi. Jeli ya maji ikipakwa kwenye kafu kabla ya kuingiza bomba inaziba mifereji pia, ila kwa muda; ikishaoshwa, hali inarudi.

Sehemu ya pili ya benchi ndiyo yenye faida wodini. Ziba sirinji kwa chini na uingize hewa yenye presha ya sm 5, kama presha ya mwisho wa kutoa pumzi inayowekwa kwenye ventileta (mashine ya kupumulia). Maji ya kina cha sm 2 hayana nguvu ya kushuka dhidi ya sm 5, na rangi inasimama. Sasa toa kizibo. Rangi inateremka papo hapo. Kile kizibo kikitolewa ni sawa na mgonjwa aliyetenganishwa na ventileta ili anyonywe makohozi au abadilishiwe mrija. Ndiyo maana mdomo unanyonywa kabla ya bomba kutenganishwa, na ndiyo maana mfumo wa kunyonyea uliofungwa, usiohitaji kutenganisha, unapendelewa.

Wiki ya 5: lini kupima

Ilipendekezwa kila saa 4. Tumekaa na kila zamu, yaani saa 8, pamoja na matukio. Kila kuunganisha geji ni nafasi moja zaidi ya kupoteza hewa na ya kumkohoza mgonjwa, na kipimo cha saa 4 kilichofanywa haraka ni kibaya kuliko cha saa 8 kilichofanywa kwa koki.

Matukio yanayodai kipimo nje ya ratiba: mara tu bomba likishawekwa, kwa sababu kafu zilizojazwa kwa haraka ya dharura mara nyingi zimepita 30 mbali; kumgeuza mgonjwa ubavu au kifudifudi; kugeuza shingo; kurudi kutoka upasuaji au picha; kubadilisha kina cha bomba; kikohozi kikali; na wakati dawa za usingizi zinapopunguzwa. Kulala kifudifudi kunapimwa mara mbili, kabla ya kugeuza na baada ya kichwa kutulia.

Gesi ya nitrasi oksaidi, ya usingizi wa upasuaji, inastahili neno. Hupenya ukuta wa kafu na kuijaza kutoka nje, hivyo mgonjwa aliyetoka upasuaji ilikotumika anaweza kufika na kafu iliyokaza kuliko ilivyoachwa. Akishaacha kuivuta, gesi inatoka na kafu inalegea. Mgonjwa huyo anapimwa akifika na tena baada ya saa moja.

Wiki ya 6: presha ikikutwa mbaya

Kosa kubwa ni kutibu namba. Kafu iliyokutwa 12 inajazwa hadi 25, fomu inapendeza, na saa mbili baadaye imerudi 12. Utaratibu sasa unadai swali moja kabla ya kuongeza hewa mara ya pili ndani ya zamu: hewa imekwenda wapi?

Anza na bomba lenyewe. Bomba likiwa limepanda juu na kafu kukaa kati ya nyuzi za sauti, hewa haitazuia uvujaji. Ukiendelea kujaza, kafu inavimba juu ya nyuzi za sauti na kulisukuma bomba lizidi kupanda. Alama ya meno imesogea kutoka 23 hadi 19? Acha sirinji, mwite daktari, tayarisha vifaa vya kuweka bomba upya. Hali hii huja na dalili zilezile za kafu iliyotoboka: sauti ya kukoroma mdomoni, mgonjwa anatoa sauti, hewa inayorudi kwenye ventileta ni pungufu kuliko iliyotumwa. Ndiyo maana alama ya meno imewekwa hatua ya 1.

Bomba likiwa mahali pake, kagua kuanzia nje kwenda ndani. Pandisha hadi 25, kisha bana mrija wa puto kwa kibanio chenye midomo iliyofunikwa chachi, karibu na mdomo wa mgonjwa. Subiri dakika 10. Unganisha geji, na usome kibanio kikiwa bado kimebana: presha ikiwa imeshuka, uvujaji uko kwenye vali au puto. Achia kibanio: upande wa kafu ukiwa na hewa ya kutosha, mshale utapanda. Vali mbovu inasaidiwa kwa muda kwa koki iliyofungwa juu yake, ikiwa na lebo nyekundu na kuandikwa kwenye fomu; hii ndiyo ruhusa pekee ya koki kubaki. Mrija wa puto uliokatika, kwa mfano umeumwa na meno au umekatwa na mkasi wa plasta, unaokolewa kwa kuingiza kanula ya mshipa ya saizi 22 ndani ya kipande kilichobaki, bila sindano yake, na kufunga koki nyuma yake. Inampa daktari muda wa kupanga kubadilisha bomba mchana badala ya usiku wa manane. Kafu yenyewe ikiwa imetoboka, hakuna kiraka, bomba linabadilishwa.

Presha ikikutwa juu ya 30, punguza, lakini angalia pia ml ngapi zimo ndani. Kafu inayodai hewa nyingi kuliko siku ya kwanza ili kufikia 25 ileile inaashiria koo linalopanuka, bomba dogo mno kwa koo hilo, au bomba lililosogea. Kwa hiyo ml zinazoongezwa na kutolewa zinaandikwa kila mara.

Kuna wagonjwa ambao presha ya kuingiza pumzi ni kubwa, sm 35 na zaidi, na wanavuja kidogo kafu ikiwa 25. Kafu pana hujisaidia: hewa ya mapafu inaisukuma kutoka chini na presha yake inapanda pamoja na pumzi. Uvujaji ukiendelea, tunaruhusu hadi 30 na kuandika sababu. Zaidi ya hapo ni uamuzi wa daktari, tena wa muda.

Wiki ya 7: kudhibiti bila kukoma, kwenye benchi tu

Wazo: badala ya kupima mara tatu kwa siku, kafu iunganishwe na kitu kinachoishikilia 25 muda wote. Tulitengeneza kielelezo cha kujifunzia. Pampu ndogo ya hewa inalisha mrija wenye matawi mawili, moja kwenda kwenye kafu, jingine limezama sm 25 ndani ya chupa ndefu ya maji. Presha ikizidi 25, hewa inatoka kwa mapovu. Ikipungua, pampu inajazia.

Kinafanya kazi, na kasoro zake zinafundisha kuliko ufanisi wake. Maji yakikauka sm 1, presha imeshuka sm 1 bila kengele. Chupa ikiinama, kina kinapungua. Kafu ikiwa na tundu dogo, pampu inaendelea kuijaza na hakuna anayejua mpaka mrija uchomolewe ili mgonjwa apelekwe kwenye picha. Hapo kafu inanywea njiani. Kasoro kubwa ni kasi. Mgonjwa akikohoa, presha ya kafu inapaswa kupanda kwa sekunde moja ili izibe. Chupa inaitoa hewa hiyo haraka, na kikohozi kikiisha kafu imelegea hadi pampu ifidie. Kuweka kanula nyembamba ya saizi 24 kwenye tawi la kafu kunapunguza kasi na kurudisha ule uwezo wa kujiziba. Mashine za dukani zinapaswa kuulizwa swali hilohilo: inajibu kikohozi kwa kasi gani?

Chupa haitatumika kwa mgonjwa. Imebaki kwenye meza ya mafunzo.

Wiki ya 8: ushahidi, kwa ufupi

Utafiti wa Nseir na wenzake nchini Ufaransa, uliochapishwa 2011 na wagonjwa 122, ulionyesha kuwa kudhibiti bila kukoma kulipunguza kupaliwa na nimonia. Jaribio kubwa zaidi nchini Vietnam, lililochapishwa 2022 na wagonjwa karibu 600, halikuona tofauti ya maambukizi ya njia ya hewa dhidi ya kupima kwa mkono. Tunasoma hivi: mashine inatuliza presha, lakini mikunjo ya wiki ya 4 inabaki palepale, na kupima kwa mkono kukifanywa kwa bidii kunaiachia mashine nafasi ndogo ya kuongeza. Fedha zinaelekezwa kwanza kwenye geji na mabomba yenye njia ya kunyonya juu ya kafu.

Wiki ya 9: safari na picha

Ndege ya abiria iliyo angani huwa na presha ya ndani inayoweza kulingana na kimo cha futi 8,000, kama kilopaskali 75 dhidi ya 101 za usawa wa bahari. Hewa ya kafu inataka kutanuka kwa karibu theluthi. Kwa hiyo geji inasafiri na mgonjwa: toa hewa wakati wa kupanda, rudisha wakati wa kushuka. Kusahau kurudisha ndiko kunakotokea zaidi. Njia mbadala ni kujaza maji ya chumvi, lakini geji ya hewa haisomi vizuri kafu yenye maji, kwa hiyo ni kwa safari tu.

Springi ya vali ni chuma. Kwenye picha ya sumaku (MRI), puto linafungwa kwa plasta mbali na eneo linalopigwa, la sivyo linaacha kivuli cheusi shingoni.

Wiki ya 10: fomu mpya

Safu ya zamani ilikuwa moja, “presha ya kafu”. Sasa ni tano: iliyokutwa, iliyoachwa, ml zilizoongezwa au kutolewa, alama ya meno, sababu ya kupima. Safu ya “iliyokutwa” ndiyo inayokaguliwa kila Jumatatu. Ikisomeka 25, 25, 25 siku tatu mfululizo kwa mgonjwa anayegeuzwa kila saa mbili, kuna mtu anayejaza kabla ya kusoma, na anaonyeshwa upya hatua ya 3 hadi 6 kwenye benchi. Namba zinazoyumba kati ya 18 na 28 zinaaminika zaidi.

Mrija wa geji na koki ni vya mgonjwa mmoja, vinakaa kwenye mfuko kitandani kwake. Geji yenyewe inazunguka na inafutwa kwa spiriti ya asilimia 70 kila inapohama.

Yaliyobaki kwa wiki ya 11: kukata mirija ya geji kutoka mita 1 hadi sm 40, ambako kutashusha hewa ya ndani kutoka ml 7 hadi chini ya ml 3, kurudia kipimo cha maji kwa geji zote baada ya miezi mitatu ya kuanguka sakafuni, na kuamua kama wagonjwa wa trakeostomi (wanaopumua kwa bomba lililoingizwa kwenye tundu la shingoni) waingie kwenye fomu hiihii au wapewe yao, maana kwao safu ya alama ya meno haina kazi.